Wanaotazama kwa Masikio

Mkanda wa harusi huku Usambara husikilizwa kuliko unavyotazamwa. Siku za mwanzo macho yote huwa kwenye runinga: nani alivaa nini, keki ilikuwa ya ngazi ngapi, mashemeji walicheza vipi. Baada ya hapo diski hugeuka kitu cha kuwashwa huku shughuli nyingine zikiendelea. Mama yuko jikoni anamenya viazi, watoto wanaingia na kutoka, na bibi, ambaye macho yake yamepungua nguvu, amejisogeza karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya baridi ya Julai. Kila sauti mpya ikitokea anauliza, "Huyo anayesema ni nani?" Akijibiwa, anaanza kueleza ukoo mzima wa msemaji.

Hayo nimeyaona majumbani kwa watu, Lushoto mjini, Soni, Mlalo, hadi Mtae, nilipokuwa nikipeleka kazi. Nilikuwa mpiga video na mhariri wa sherehe katika miaka ambayo kanda za VHS zilikuwa zinaaga na DVD zinaingia. Kazi ile ilinifunza mengi kuhusu kamera, lakini somo kubwa lilikuwa la sauti. Nilijifunza kwamba kubana sauti ili ichukue nafasi ndogo kwenye diski si dhambi. Anayejua abane nini, lini, na kwa ajili ya nani, anaweza kuwahifadhia watu kitu ambacho sauti isiyobanwa isingekipatia nafasi.

Sisi ni watu wa redio. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na hata ilipoanza, milima hii haikupata picha siku ileile. Kabla ya hapo waliotukusanya jioni walikuwa watangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na wazee wetu waliwajua kwa sauti bila kuwahi kuona sura zao. Mtu aliyelelewa hivyo humpumbazi kwa picha nzuri. Picha ikitetemeka atasema kamera ni ya kizamani. Sauti ikikwaruza atakurudishia diski yako.

Basi tuanze na hesabu ya diski, maana huko ndiko ugomvi wetu mafundi kuhusu kubana sauti ulikoanzia.

Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, na picha na sauti hugombea nafasi hiyohiyo moja. Harusi ya kwetu, hata baada ya kuhaririwa, hufika saa tatu: kumtoa bibi harusi kwao, ibada au nikahi, msafara, ukumbi, zawadi, na nasaha za kila mjomba aliyepewa maiki. Mteja anataka diski moja. Ukimpa mbili, ya pili itaazimwa na jirani na haitarudi.

Kanuni za DVD, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996, zinampa mtengenezaji wa nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL kama yetu njia tatu za kawaida za kuweka sauti. Ya kwanza ni PCM, yaani sauti isiyobanwa: sampuli 48,000 kila sekunde, biti 16 kila sampuli, njia mbili za stereo. Jumla yake ni kilobiti 1,536 kwa sekunde, na saa moja hula takriban megabaiti 691. Ya pili ni MP2, ileile iliyokuwa ikitumika kwenye VCD. Ya tatu ni AC-3 ya kampuni ya Dolby, iliyojulikana kwanza kwenye kumbi za sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns. Ukiiweka AC-3 kwenye kilobiti 192, saa moja inakula takriban megabaiti 86 tu, sehemu moja ya nane ya PCM. MP3, ambayo kila mtu aliijua kwa sababu ya nyimbo, haimo kabisa kwenye kanuni za DVD ya video. Waliolazimisha kuiingiza walipata diski iliyosema vizuri kwenye kompyuta, ikafika kwenye deki ya mteja ikawa bubu.

Nilikuwa na fundi mwenzangu aliyenizidi umri, ambaye nilimwita Kaka. Alikuwa amekulia kwenye vyombo vya muziki wa dansi, akifunga spika na kuchanganya sauti kabla hajagusa kompyuta. Kwake yeye mjadala ulikuwa umefungwa. "Ukibana umetupa," alisema, "na ulichotupa hukirudishi." Maneno yake ni ya kweli neno kwa neno. AC-3 na MP2 hutupa, na kilichotupwa hakirudi.

Lakini tuipige hesabu ya harusi ile ya saa tatu kwa njia yake. PCM peke yake inakula zaidi ya gigabaiti mbili. Picha inabakiwa na takriban megabiti 1.9 kwa sekunde. Anayejua MPEG-2, mbano wa picha za DVD, anajua kitakachotokea: kila kitu kinachotembea kitavunjika vipande vya mraba. Na Usambara ni nini, kwa macho ya kamera, kama si majani yanayotikisika na ukungu unaotembea? Ongeza vitenge vya maua madogomadogo na wanawake wanaozunguka wakicheza. Kwa AC-3 ya kilobiti 192, picha ya harusi hiyohiyo inapata takriban megabiti 3.3. Hapo nyuso zinabaki nyuso. Kaka alikuwa anailinda sauti kwa gharama ya kila kitu kingine, wakati sauti yenyewe haikuhitaji ulinzi wa kiasi hicho.

Haikuuhitaji kwa sababu ya tabia ya sikio. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo kwa mtetemo, na hata ile inayoifuata papo hapo. Tarumbeta za usharika zinapolia mlangoni mwa kanisa, husikii viatu vya wapigaji kwenye kokoto, ingawa maiki imevisikia. Programu ya kubana huikata sauti vipande vifupi sana, hupima kila kipande ili ijue sikio litasikia nini na litakosa nini, kisha hutumia biti chache kwa kile ambacho lisingekisikia. Kwa hiyo mahali pagumu kwa mbano ni pale ambapo hakuna cha kufunika kingine. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wahandisi wa Kijerumani waliotengeneza MP3, aliujaribia mfumo wake kwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner, kwa sababu ni sauti ya mwanamke mmoja akiimba bila ala yoyote. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wazee wetu ambao, kabla hawajatoa wasia ukumbini, huamuru muziki uzimwe kwanza.

Tuliamua kuacha kubishana na kufanya jaribio. Kanuni za DVD zinaruhusu hadi njia nane za sauti kwenye filamu moja, na mtazamaji huhama kutoka moja hadi nyingine kwa kitufe cha rimoti. Tulichukua kipande kimoja cha sherehe chenye hotuba, kwaya na ngoma, tukakichoma kwenye diski kikiwa na njia tatu: PCM, MP2 ya kilobiti 224 na AC-3 ya 192. Picha ni ileile, kinachobadilika ni sauti tu. Tukawakalisha watu mbele ya runinga na sabufa ya kawaida, ile ya Kariakoo inayopatikana karibu kila sebule, bila kuwaambia ipi ni ipi.

Kati ya PCM na MP2 hakuna aliyeona tofauti, si wao wala Kaka mwenyewe. Kwenye AC-3 wote walisema kitu kimoja. Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akatamka, "Mwanangu, hii imepooza."

Kaka alifurahi, lakini furaha hiyo haikudumu. AC-3 hubeba ndani yake alama inayoiambia deki maongezi yamerekodiwa kwa ukubwa gani, ili deki ipunguze sauti na filamu zote zisikike kwa kiwango kinacholingana. Programu nyingi za kuchoma DVD ziliiacha alama hiyo kwenye 27, na deki ikaitii kwa kupunguza desibeli nne. Ukiiweka 31, haipunguzi chochote. Vilevile programu hizo huwa na mpangilio wa kushusha sauti kubwa na kupandisha ndogo, uliokusudiwa kwa filamu za vita zinazotazamwa usiku watoto wakiwa wamelala. Harusi haiuhitaji. Tuliweka 31, tukauzima mpangilio ule, tukachoma upya, na neno "imepooza" halikusikika tena. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Sauti ilikuwa imeshushwa tu, na sikio la binadamu mara nyingi huona iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo bora. Tangu hapo sishindanishi fomati mbili kabla ya kuzisawazisha ukubwa.

Mpaka wa kubana uko wapi, basi? Tuliutafuta kwa kushuka. Kwenye kilobiti 128, hotuba za AC-3 zilikuwa bado salama, lakini sherehe si hotuba tu. Bibi harusi anapoingia ukumbini, vigelegele, makofi na vifijo vinalipuka kwa pamoja, na hakuna sauti inayoitesa programu ya kubana kama hiyo. Ni milipuko midogo isiyohesabika, haina mpangilio, na hakuna mmoja unaoufunika mwingine kwa muda wa kutosha. Kwenye kilobiti 96 makofi yale yaligeuka maji yanayochemka sufuriani. Ngoma nayo ilionyesha udhaifu wa mbano: mkono unapoipiga ngozi ya ngoma ya mdumange, pigo huanza ghafla kutoka kwenye ukimya, na mbano wa kiwango cha chini humwaga kivuli cha sauti kabla ya pigo lenyewe, hivyo ukali wake hulegea. Kwa vipigo vya namna hiyo MP2 ya kilobiti 224 kwenda juu ilisimama vizuri sana. Kwa shughuli zilizojaa ngoma au dufu ndiyo niliyoichagua, na kwa zilizojaa hotuba na kwaya nikachagua AC-3 ya 192 au 224.

Huo ulikuwa uamuzi wa sikio. Uamuzi mwingine ulikuwa wa safari. Diski za kwetu husafiri. Shangazi yuko Muscat, kijana anasoma Marekani, na wote wanataka nakala. Oman ilikuwa ikitumia PAL kama sisi, kwa hiyo diski iliyotengenezwa Lushoto ilifika kule ikasema bila matatizo, iwe MP2 au AC-3. Marekani ilikuwa ikitumia NTSC, na kanuni za DVD za huko hazikumlazimisha mtengenezaji wa deki kuielewa MP2. Zilimtaka aielewe PCM na AC-3. Diski ya ngoma niliyokuwa nikijivunia ingeweza kufika kwa kijana yule na kumwonyesha wajomba wakicheza kimyakimya, kama picha yenyewe ingekubali kufunguka. Basi kwa diski ya kuvuka bahari kuelekea huko, AC-3 ilishinda hata palipokuwa na ngoma, na picha nayo iligeuzwa kuwa NTSC. Aliyeamua fomati hapo ni msikilizaji na chombo chake.

Kwa miaka kadhaa nilidhani hesabu hizi ndizo kiini cha suala la sauti, mpaka ilipokuja familia moja kutoka upande wa Bumbuli. Baba yao alikuwa amefariki. Walikuwa na DVD ya harusi ya dada yao, kazi ya studio nyingine, na mle baba alisimama akatoa nasaha kwa Kisambaa. Walitaka kipande hicho tu, kisikike siku ya arobaini. Tukaiwasha. Baba akaonekana amesimama, kofia mkononi, midomo inacheza, watu wanacheka na kupiga makofi. Kilichosikika ni wimbo. Mhariri alikuwa amezima sauti ya ukumbini na kuweka muziki juu ya hotuba nzima, kama ilivyokuwa desturi ya karibu studio zote wakati ule, maana wateja wenyewe walipenda mkanda wenye nyimbo. Kanda ya asili ya Mini DV ilikuwa imeshatumika tena kurekodi shughuli nyingine.

Diski ile ilikuwa na sauti ya PCM. Ilihifadhi wimbo ule kwa ubora kamili.

Hapo nilielewa kwamba mimi na Kaka tulikuwa tumebishania kiungo cha mwisho cha mnyororo mrefu. Kabla programu haijabana chochote, sauti imeshapita kwenye mikono mingi. Kamera nyingi za Mini DV zilitoka kiwandani zikiwa zimewekwa kurekodi kwa biti 12 na sampuli 32,000, ambazo hukata kila mtetemo unaozidi 16,000 kwa sekunde. Mwenye kamera alipaswa kuingia kwenye menyu na kuchagua biti 16. Kamera hizohizo zina kifaa kinachorekebisha ukubwa wa sauti chenyewe: tarumbeta zikilia kinabana koo la maiki, zikinyamaza kinalifungua, na maneno mawili ya kwanza ya mzee anayefuata yanapotea kabla koo halijafunguka. Ukumbi wenye bati hurudisha mwangwi. Umeme ukikatika, jenereta huwekwa karibu na dirisha na mngurumo wake hauondoki tena. Baada ya hayo yote anakuja mhariri na wimbo wake. Mtu anayeacha maiki moja karibu na mdomo wa mzee amefanya kazi kubwa kuliko anayechagua PCM.

Lakini kubana kulikuwa na zawadi ambayo hatukuwa tumeifikiria. Kama AC-3 ya kilobiti 192 ni sehemu moja ya nane ya PCM, basi njia mbili za AC-3 ni robo yake. Tangu wakati huo kila harusi niliyochoma ilibeba njia mbili za sauti. Ya kwanza ilikuwa kama mteja alivyopenda, nyimbo zikipanda na kushuka juu ya picha. Ya pili ilikuwa sauti ya mahali palepale kama maiki ilivyoipokea, hotuba zote, vikohozi, kicheko, mtoto anayelia, mvua juu ya bati. Kwa harusi ya saa tatu, njia mbili hizo zinakula takriban megabaiti 518, na picha bado inabakiwa na zaidi ya megabiti tatu kwa sekunde. Kwa PCM jambo hilo lisingewezekana. Hata njia moja ilishatuumiza. Kwenye kasha niliandika maelezo kwa kalamu: bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti usikie ukumbi.

Kaka alilikubali hilo bila kusema kwamba amekubali. Alinijia na sharti lake: kanda za asili zisifutwe. Mteja auziwe kanda yake, na ya asiyeinunua iwekwe kabatini yenye jina na tarehe. Katika sharti hilo ndimo hoja yake ya "ukibana umetupa" ilipopata mahali pake panapostahili. Diski ni nakala ya kugawa, nayo ibanwe kadiri msikilizaji anavyohitaji. Kanda ni asili, nayo haibanwi.

Hatari kubwa kuliko kubana ni kubana mara nyingi. Wimbo wa harusi ulikuja kwangu ukiwa MP3 ya kiwango cha chini iliyopita kwenye simu kadhaa. Nikaubana tena kuwa AC-3. Kijana wa mtaani akaichukua diski akaigeuza VCD kwa ajili ya wenye deki za zamani. Mwingine akaikata vipande vya simu. Kila hatua hupima upya nini sikio halitakisikia, lakini inapima juu ya makovu ya hatua iliyotangulia, na makovu hujumlishwa. Dawa yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuishika: hariri kila kitu kikiwa hakijabanwa, bana mara moja, mwishoni.

Sasa deki zinatoweka, na kompyuta mpya nyingi hazina hata mdomo wa kuingizia diski. Rangi ya kikemikali inayoshika data kwenye DVD ya kuchoma nayo huchakaa kwa miaka, hasa diski ikikaa juani au kwenye unyevu, na unyevu huku kwetu hauhitaji kutafutwa. Watu huniletea kasha zima wakisema, "Fundi, tuwekee kwenye flashi." Wengi hupewa nakala zilizobanwa upya, picha na sauti, ziwe ndogo za kutumika kwenye simu. Hapo ndipo njia ya pili ya sauti hufia, kwa sababu programu nyingi huchukua ya kwanza tu na kuiacha nyingine bila kumuuliza mtu.

Mimi huwaambia wafanye kwa mpangilio huu. Kwanza hamisha faili za diski jinsi zilivyo, zote, bila kugeuza kitu, kwenye diski ngumu mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. AC-3 iliyomo itabaki AC-3 ileile, haitapoteza biti hata moja. Pili, kwa sababu simu nyingi haziielewi AC-3, tengeneza nakala nyepesi yenye sauti ya AAC kwa ajili ya kurushiana, na ujue kwamba hiyo ni ya kurushiana tu. Tatu, anza na diski zenye hotuba za wazee kabla ya zenye keki.

Na aliye na kanda za Mini DV asiridhike na DVD yake. Saa moja ya kanda hiyo ni takriban gigabaiti 13, kwa hiyo diski ngumu ya terabaiti moja inabeba zaidi ya saa 70 bila kubana chochote. Sisi tulibana kwa sababu tulikuwa na gigabaiti 4.7 na harusi ya saa tatu. Mwenye terabaiti hana sababu hiyo. Abane nakala za kugawa anavyotaka, lakini akiibana asili, atakuwa ametupa bila kubanwa na lolote.